Nansen: Mpima barafu aliyewapa wakimbizi pasipoti

Miaka 130 iliyopita hakuna aliyejua kwa hakika kilichopo katikati ya Bahari ya Aktiki, kule kaskazini kabisa mwa dunia. Wapo walioamini kuna nchi kavu, na wapo waliodhani ni bahari ya kina kifupi. Aliyefanya kazi kubwa ya kumaliza ubishi huo ni Fridtjof Nansen wa Norway, na njia aliyotumia ni kuiacha meli yake inaswe na barafu makusudi.

Nansen alizaliwa Oktoba 10, 1861, karibu na jiji ambalo leo linaitwa Oslo. Alisomea elimu ya wanyama, akafanya kazi katika jumba la makumbusho la Bergen, na mwaka 1888 akapata shahada ya udaktari. Mwaka huohuo, yeye na wenzake watano waliivuka barafu ya Greenland kutoka mashariki hadi magharibi kwa kutumia mbao za kutelezea.

Wazo la safari yake kubwa lilitokana na mabaki ya meli. Mwaka 1881, meli ya Marekani iliyoitwa Jeannette ilipondwa na barafu kaskazini mwa Siberia. Miaka mitatu baadaye, vitu vilivyotoka katika meli hiyo viliokotwa pwani ya kusini magharibi mwa Greenland, upande wa pili wa Aktiki. Mzigo haujisafirishi wenyewe. Nansen aliona kwamba msafirishaji ni barafu: haikai mahali pamoja, bali inasukumwa na upepo na mikondo ya maji hadi inavuka bahari nzima. Kama iliweza kubeba mabaki, ingeweza pia kubeba meli nzima.

Wazoefu wengi wa safari za kaskazini walilipinga wazo hilo, baadhi wakisema anajipeleka kufa. Hata hivyo bunge la Norway lilimpa fedha, na fundi Colin Archer akamuundia meli iliyoitwa Fram. Tumbo lake lilikuwa la mviringo, ili barafu ikiibana iinyanyue juu badala ya kuivunja.

Fram iliondoka Juni 1893 ikiwa na chakula cha miaka mitano. Septemba barafu iliishika, na kazi ya kila siku ikaanza: kupima mahali meli ilipo, upepo, joto la hewa na la maji, unene wa barafu na kina cha bahari. Kamba za kupimia kina hazikutosha, ikabidi wafumue waya wa chuma wa meli na kusokota kamba ndefu zaidi. Walikuta kina cha zaidi ya mita 3,000, na hawakuona nchi kavu. Chini ya maji baridi ya juu walikuta maji yenye joto zaidi kutoka Atlantiki. Waligundua pia kwamba barafu haifuati upepo moja kwa moja, bali huelekea upande wa kulia wake. Nansen alisema chanzo ni mzunguko wa dunia, na baadaye Mswidi Vagn Walfrid Ekman alilieleza jambo hilo kwa hesabu.

Alipoona meli haitapita kwenye Ncha ya Kaskazini yenyewe, Nansen alimwachia nahodha Otto Sverdrup usimamizi. Machi 1895 akashuka na Hjalmar Johansen pamoja na mbwa wa kuvuta mizigo. Aprili 8 walifika nyuzi 86 na dakika 14 kaskazini, mbali kuliko mtu yeyote kabla yao, kisha wakageuka. Waliwachinja mbwa mmoja mmoja ili kuwalisha waliobaki, na majira ya baridi wakaishi katika kibanda cha mawe wakila nyama ya dubu. Agosti 13, 1896, Nansen alifika Norway. Siku hiyohiyo Fram ilijinasua kwenye barafu. Watu wote 13 walirudi nyumbani wakiwa hai.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Shirikisho la Mataifa lilimkabidhi kazi ya kuwarudisha makwao wafungwa wa vita, na zaidi ya 400,000 walirudi. Mwaka 1921 akawa kamishna wa wakimbizi. Warusi wengi waliokimbia nchi yao walikuwa wamevuliwa uraia, na anayejua dirisha la uhamiaji la Namanga au Rusumo anaelewa maana ya kufika pale bila karatasi. Mwaka 1922 Nansen alizishawishi serikali kukubali hati maalumu ya kusafiria, iliyokuja kuitwa pasipoti ya Nansen. Ilikuwa na upungufu: mwanzoni haikuilazimisha nchi iliyoitoa kumpokea tena mwenye hati. Hata hivyo, baadaye zaidi ya nchi 50 ziliitambua. Mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Nansen alifariki Mei 13, 1930. Maboya yanayowekwa juu ya barafu ya Aktiki leo hutuma habari za mahali yalipo, na setilaiti zimeonyesha barafu ikipungua tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2019 wanasayansi waliiacha meli ya Ujerumani, Polarstern, igandishwe makusudi kwa mfano wa Fram, na vipimo vya Fram bado vinasaidia kulinganisha barafu ya sasa na ya zamani.

Kwa upande wa wakimbizi, Umoja wa Mataifa hutoa tuzo yenye jina lake tangu mwaka 1954. Mwaka 1983 aliyetunukiwa alikuwa Mwalimu Julius Nyerere, ambaye nchi yake iliwapokea wakimbizi wengi kutoka nchi jirani.