Siti binti Saad, muuza vyungu aliyefika Bombay

Wengi wetu tuliorudi Bugendana kutoka kambi za Tanzania tulizoea taarabu redioni, lakini mwanamke aliyeitia kwenye santuri hatajwi sana. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, katika ukoo wa watumwa. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu na kuvipeleka mjini kwa miguu, akivinadi kwa sauti. Sisi tunaovusha bidhaa Kobero tunajua sauti nayo ni mtaji.

Siku hizi kijana hutafuta jina kwenye mashindano ya televisheni. Siti alihamia mjini mwaka 1911, Ali Muhsin akamfundisha kuimba, wakaunda kundi. Wenye wivu wakamsimanga kwa nyimbo, wakitaja vyungu na sura yake. Aliwajibu kwa wimbo, na kwa maoni yangu aliwashinda, maana hakuficha alikotoka.

Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za His Master's Voice kwa Kiswahili, ilhali taarabu ya ikulu ya Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Sahani hizo zikapigwa pwani nzima. Aliimba hata kesi za mahakamani. Katika wimbo wa Kijiti, mtu anamuua mwanamke mgeni na kutorokea bara, na waliofungwa ni wanawake waliomkaribisha marehemu. Asiyejua kusoma alipata habari kwa njia hiyo, tena habari ambazo wakubwa wasingependa zienee.

Alifariki Julai 1950. Shaaban Robert alikuwa amekwisha kumhoji, na wasifu aliouandika umesomwa na wanafunzi wengi wa Tanzania.