Chuma, mnyapara aliyetembea miezi minne kutoka Dar hadi Ziwa Nyasa

Leo ukipanda ndege Dar es Salaam, baada ya kama saa moja na nusu unashuka Songwe, Mbeya. Angani ni kilomita 690 hivi. Hapo unachukua gari kupitia Uyole na Tukuyu, na siku hiyohiyo unalala Kyela.

Mwaka 1879 safari ya kutoka Dar hadi mwambao huo wa kaskazini wa Ziwa Nyasa ilichukua miezi minne, tena kwa miguu. Mnyapara wa msafara alikuwa Chuma.

Chuma alikuwa Myao, mzaliwa wa nchi ya kusini mwa ziwa hilohilo, karibu mwaka 1850. Akiwa bado mtoto aliuzwa utumwani. Mwaka 1861 wamisionari wa Kiingereza waliokuwa na David Livingstone wakamkomboa.

Mwaka 1864 Livingstone alimvusha bahari kutoka Zanzibar hadi Bombay kwa meli ndogo, Lady Nyassa. Walikaa majini siku kama 45. Leo ndege ya moja kwa moja kutoka Dar hadi mji huo, sasa Mumbai, inatumia kama saa sita.

Akarudi na Livingstone mwaka 1866 na kuzunguka naye bara kwa miaka saba. Livingstone alipofariki Mei 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Chuma, Susi na wenzao wangeweza kumzika na kwenda zao. Badala yake waliukausha mwili wake wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500, hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874.

Ndiyo maana miaka mitano baadaye Waingereza walipotaka njia ya kwenda Ziwa Nyasa, walimtafuta Chuma. Msafara ulitoka Dar Mei 1879, ukiwa na wapagazi zaidi ya 100. Mwezi uliofuata tu, mkuu wake, Keith Johnston, akafa kwa ugonjwa huko Behobeho. Akabaki Joseph Thomson, kijana Mskoti wa miaka 21, mgeni kabisa wa safari za bara.

Hapo msafara ungeweza kuvunjika. Mnyapara hakuwa mtu wa kutembea tu. Yeye ndiye aliyetafuta chakula, aliyeongea na machifu kuhusu hongo ya kupita, na aliyewatuliza wapagazi wasitoroke usiku. Chuma aliijua kazi hiyo na lugha kadhaa za njiani. Wakapita Mahenge, Uhehe na nyanda za juu, na Septemba wakateremka kwenye migomba ya Wanyakyusa, ziwa likiwa mbele yao.

Hawakuishia hapo. Waliendelea hadi Ziwa Tanganyika, kisha wakarudi pwani salama mwaka 1880.

Thomson aliandika kitabu na kupata sifa kubwa. Hata swala tomi wa mbugani ana jina lake. Chuma alipewa medali, akaendelea kuongoza misafara, halafu kifua kikuu kikamuua Zanzibar mwaka 1882, akiwa na miaka thelathini na kitu tu.

Ukiwa kwenye basi la Kyela ukalalamika kuwa safari ni ndefu, mkumbuke. Njia ile yeye aliipima kwa nyayo zake, na watu wakiwa nyuma yake wakimtegemea awafikishe.