JOHANN LUDWIG KRAPF: MMISIONARI ALIYEOKOTA MANENO

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila siku tunafungua kamusi darasani, tunatafuta neno letu, tunaifunga na kuendelea na mambo mengine. Ni wachache wanaojiuliza ni nani aliyekaa chini akaokota maneno ya Kiswahili moja moja, akayapanga na kuyaeleza mpaka yakawa kitabu. Katika somo la historia Johann Ludwig Krapf hutajwa kama mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, basi, tunageuza ukurasa. Mimi nataka niwasimulie habari zake nyingine, yaani jinsi alivyoishi siku kwa siku kama mmisionari ugenini, na jinsi imani yake ilivyojaribiwa mpaka karibu kila kitu kikamtoka mikononi.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen huko Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima, kama wazazi wa wengi wetu hapa Cheptais. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, jirani mmoja alimpiga vibaya sana kwa kosa ambalo hakulitenda. Kijana wa watu akalala kitandani karibu nusu mwaka. Katika kulala huko ndipo alipoanza kuisoma Biblia kwa makini. Baadaye, akiwa mwanafunzi, alipata ramani ya Afrika, akaona sehemu kubwa ya upande wa mashariki ni nyeupe tupu, haina jina la mto wala la mji. Ule weupe ulimsumbua akili. Alisomea kazi ya umisionari huko Basel, Uswisi, na mwaka wa 1837 chama cha wamisionari wa Kianglikana cha London, kiitwacho CMS, kikamtuma Uhabeshi, nchi tunayoiita leo Ethiopia.

Huko Uhabeshi alikaa katika ufalme wa Shoa, akajifunza lugha za wenyeji. Kwa shabaha yake ya kuwafikia Waoromo, alianza kutafsiri sehemu za Injili kwa lugha yao. Lakini mwaka wa 1842 alipotoka kwenda pwani, njia ya kurudi ikafungwa. Mwaka huo huo alimwoa Rosine Dietrich, msichana aliyetoka Basel. Wakajaribu tena kuingia Uhabeshi, wakakataliwa. Safarini, mahali pa nyika pasipo hata kibanda, Rosine alijifungua mtoto wa kike. Mtoto akafa. Walimwita Eneba, maana yake kwa lugha ya kule ni chozi. Hebu fikiri, ndugu msomaji, wazazi wanampa mtoto wao jina la chozi, kisha wanamzika na kuendelea na safari.

Mlango mmoja ukifungwa, mwingine hufunguka. Krapf aliwaza kwamba akizungukia kusini kwa njia ya bahari huenda akawafikia Waoromo kutoka upande wa pili. Basi mwezi wa Januari 1844 akafika Unguja. Sultani Seyyid Said alimpokea vizuri, akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani, ingawa yeye Sultani alikuwa Mwislamu na mgeni alikuja kuhubiri Ukristo. Mwezi wa Mei mwaka huo Krapf na mkewe wakahamia Mombasa.

Hapa ndipo habari inapotuhusu sisi wa Chama cha Kiswahili. Krapf hakungoja ajue lugha ndipo aanze kazi. Mwezi wa Juni 1844, wiki chache tu baada ya kuhamia Mombasa, alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Unajua aliyemsaidia ni nani? Ni Ali bin Mohiddin, aliyekuwa kadhi wa Mombasa. Kadhi ni hakimu wa Kiislamu. Kwa hivyo mhubiri wa Kikristo na hakimu wa Kiislamu walishirikiana wakitafuta neno gani litafaa na lipi halifai. Kila mmoja alishika dini yake, wala hakuna aliyemficha mwenzake. Mimi naona jambo hili lina mafunzo makubwa kwetu kuliko hata ile habari ya mlima.

Lakini furaha hiyo haikudumu. Mwezi wa Julai homa iliwaangusha wote wawili. Rosine alikuwa amejifungua mtoto wa pili siku chache tu zilizopita, tena wa kike. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa hoi, akijikokota kutoka kitanda chake kwenda kitanda cha mkewe. Tarehe 13 Julai 1844 Rosine akafariki, na baada ya siku mbili mtoto akamfuata mama yake. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu. Jambo hilo lilikuja kugunduliwa mwaka wa 1897. Watu walidhani ni hewa mbaya tu. Rosine alizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Nyali, na mahali hapo panajulikana hadi leo.

Sasa mimi hujiuliza: kwa nini hakupanda jahazi akarudi kwao? Miezi miwili ndani ya Mombasa, mke hana, mtoto hana, mwili umekwisha. Mtu mwingine angesema Mungu amemkataza. Krapf aliwaandikia wakubwa wake wa London kwamba kaburi hilo ni alama ya kuwa kazi imeanza, si kwamba imekwisha. Halafu akarudi kwenye karatasi zake. Kila alipopata nafuu aliuliza majina ya vitu, akayaandika. Ilionekana kama kazi ndogo, lakini ndiyo iliyomshikilia asianguke. Kwa maoni yangu, kuuliza neno na kuliandika kulikuwa sehemu ya sala zake.

Mwaka wa 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani kama yeye. Wazee wa Rabai waliwakubalia kukaa kwao, kule kwenye vilima nyuma ya Mombasa. Siku ya kuhamia, mwezi wa Agosti, wote wawili walikuwa na homa, hata kupanda kilima ilikuwa shida, na punda alikuwa mmoja. Wakafika hivyo hivyo. Maisha ya Rabai hayakuwa ya kifahari kama wengine wanavyofikiri juu ya wazungu wa zamani. Walijenga nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti, na mikono yao wenyewe ilishika kazi. Walitembea kwa miguu kitongoji hadi kitongoji wakiongea na watu mashambani. Siku ya ibada walikuja watu wachache, na wengine wao walitaka kujua kwanza watapewa nini. Ukweli ni kwamba Wamijikenda walikuwa na dini yao, kaya zao na wazee wao, na hawakuona sababu ya kuviacha kwa ajili ya wageni wawili wagonjwa wagonjwa.

Mtu wa kwanza kuipokea imani hiyo pale Rabai aliitwa Mringe. Alikuwa mlemavu na maskini, wala hakuishi siku nyingi baada ya hapo. Huyo ndiye tunda la kwanza. Hata Krapf alipoondoka mwaka wa 1853 walioamini walihesabika kwa vidole.

Safari zake za bara zinajulikana, kwa hivyo nitazipitia haraka. Rebmann aliona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Krapf alikwenda Usambara mwaka huo kumwona mfalme Kimweri, na mwaka wa 1849 akaenda Ukambani kwa mfanyabiashara mashuhuri, Kivoi. Akiwa Kitui, tarehe 3 Desemba 1849, mawingu yakafunguka akauona Mlima Kenya na vilele vyake viwili vyeupe. Jina la nchi yetu limetokana na mlima huo, na Krapf alilisikia kwa Wakamba akaliandika jinsi sikio lake lilivyomwambia. Wasomi kule Uingereza walimcheka, ati theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Joseph Thomson alipouona mlima huo mwaka wa 1883 Krapf alikuwa amekwisha kufa. Thomson huyo huyo ndiye aliyefika mwaka huo mpaka Mlima Elgon wetu na kushangaa kuona watu na ng'ombe wao wanaishi mapangoni.

Mwaka wa 1851 Krapf alirudi Ukambani, akakutana na balaa. Wakielekea mto Tana, msafara ulishambuliwa, Kivoi akauawa, watu wakatawanyika. Krapf akabaki peke yake porini. Alijificha mchana na kutembea usiku. Maji aliyatia ndani ya mtutu wa bunduki yake, akauziba kwa nyasi, na njaa ilipomzidi akatafuna majani na mizizi. Alipofika kwa watu, jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kuwa yeye yu hai na mzee wao amekufa. Ilimbidi atoroke tena usiku. Alifika Rabai akiwa amechoka kupita kiasi, na ndoto yake ya kujenga vituo vya misheni kutoka pwani hii mpaka pwani ya magharibi ikabaki ndoto.

Afya yake ilipoharibika kabisa alirudi Ujerumani mwaka wa 1853. Mwaka wa 1862 alikuwa tena pwani kwa muda mfupi, akiwasaidia Wamethodisti kuanza kituo cha Ribe, kisha mwili ukamshinda. Rebmann yeye alibaki Rabai mpaka mwaka wa 1875, akaondoka akiwa kipofu. Tukihesabu kwa hesabu ya dunia, kazi ya wote wawili ilikuwa hasara tupu: makaburi, homa, na waumini wachache.

Lakini tuhesabu upande wa pili. Sura za kwanza za kitabu cha Mwanzo alizozitafsiri zilichapishwa Marekani mwaka wa 1847. Mwaka wa 1850 ilichapishwa sarufi yake ya Kiswahili huko Tübingen, ya kwanza kuchapishwa. Alikusanya pia miswada ya tenzi za kale akaipeleka Ujerumani, na mmoja wao ni Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka wa 1728. Hapo nataka nisahihishe jambo ambalo wengine husema, kwamba wazungu ndio waliotufundisha kuandika Kiswahili. Si kweli. Waswahili walikuwa wakiandika kwa herufi za Kiarabu tangu zamani. Krapf alichagua herufi za Kirumi, na hakuficha kwamba hakutaka za Kiarabu kwa sababu ya dini. Hatuna haja ya kukubaliana naye katika kila jambo. Ila herufi hizo ndizo ninazoandikia sasa hivi.

Kazi kubwa kuliko zote ni kamusi. Maneno aliyoyaokota Mombasa na Rabai, hasa ya Kimvita, aliyafanyia kazi miaka mingi akiwa Korntal, Ujerumani. Tarehe 26 Novemba 1881 alikutwa amekufa chumbani mwake, amepiga magoti kando ya kitanda kama mtu anayesali. Kamusi yake ilitoka London mwaka wa 1882. Hakuishika mkononi hata siku moja.

Krapf hakufika huku kwetu. Dini iliyofika upande huu wa magharibi ililetwa na wengine, kama wale Marafiki kutoka Marekani waliofungua kituo cha Kaimosi mwaka wa 1902. Lakini nenda soko la Cheptais uone. Msabaoti ana viazi na vitunguu, Mbukusu ameleta mahindi, Mteso yupo, na kuna wengine waliovuka mpaka kutoka Uganda. Nyumbani kila mmoja ana lugha yake ya mama, nami naipenda yangu. Pale sokoni wanapatana bei, wanataniana na kuulizana hali ya watoto kwa Kiswahili. Nyanya yangu hakuingia darasa hata moja, lakini Kiswahili cha soko anakijua vizuri mno, na sijawahi kuona akipunjwa. Wanafunzi wenzangu wanaosema kwamba Kiswahili ni cha watu wa pwani na sisi wa mlimani kinatupotezea maksi, nawaomba waende wasikilize Jumamosi moja tu.

Je, Krapf alishindwa? Ningekuwa mimi ndiye niliyemzika Rosine, sijui kama ningebaki. Lakini naona kwamba mtu hachagui ni lipi kati ya mambo aliyoyafanya litakalobaki. Yeye alikuja kutafuta Waoromo, akapata Waswahili. Alikuja kuhesabu roho, tukarithi maneno. Aliyafanya kwa uaminifu yale madogo ya siku mbaya, na hayo ndiyo yaliyodumu. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi wanachama wenzangu, hasa nyinyi wa kidato cha kwanza, kila mmoja awe na daftari dogo. Ukisikia neno usilolijua, kutoka kwa mzee, kwa dereva wa matatu au redioni, liandike. Liulize maana. Usingoje mtihani. Hapa natia nanga, nikiwatakia usomaji mwema wa gazeti letu.