Knud Rasmussen: Lugha ya Nyumbani Ilimfikisha Mbali

Mwalimu wetu wa Jiografia alipotufunza kuhusu tundra, niliandika daftarini: baridi kali, hakuna miti, watu wachache. Nikafunga daftari nikidhani nimemaliza. Kumbe wapi! Siku chache baadaye nilikutana na maisha ya Knud Rasmussen maktabani, na tangu hapo sijatulia. Hebu nikusimulie.

Rasmussen alizaliwa tarehe 7 Juni 1879 huko Jakobshavn, mji wa Greenland ambao leo huitwa Ilulissat. Babake alikuwa mhubiri kutoka Denmark. Mamake alikuwa mzaliwa wa Greenland mwenye damu ya Wainuiti, watu ambao vitabu vya zamani viliwaita Waeskimo. Knud alikua akicheza na watoto wa Kiinuiti, akisema lugha yao na kujifunza kuendesha sleji, lile gari lisilo na magurudumu ambalo huburutwa na mbwa juu ya theluji. Baadaye alipelekwa Denmark kusoma. Wengi wetu tukifika mjini tu, lugha ya nyumbani tunaitupa kama ganda la ndizi. Yeye hakuitupa.

Mwaka 1910, yeye na rafikiye Peter Freuchen walifungua kituo cha biashara kaskazini-magharibi mwa Greenland, wakakiita Thule. Faida yake ilisaidia kulipia safari. Iliyo kuu kuliko zote ilianza mwaka 1921, nia yake ikiwa kuwafikia Wainuiti wa Kanada hadi Alaska.

Mwaka 1922 aliingia tundra iliyo magharibi mwa Ghuba ya Hudson. Huko, chini ya udongo kuna barafu isiyoyeyuka mwaka mzima. Basi theluji ikiyeyuka juu, maji hayana pa kuzama; nchi yote hujaa vinamasi, maziwa na mbu wasiohesabika. Miti iliyopo hutambaa chini, mingine haifiki hata gotini. Katika nyika hiyo hupita makundi makubwa ya mnyama mwenye pembe kama matawi, aitwaye karibuu (usidhani unakaribishwa!). Wenyeji walimtegemea kwa chakula, nguo na hema. Karibuu wakipitia njia nyingine mwaka ule, njaa iliua watu.

Sasa sikiliza ajabu yenyewe. Wenyeji hao hawakuwa wamewahi kufika Greenland, lakini lugha yao na ile aliyoijua Rasmussen tangu utotoni zilikuwa ndugu. Walielewana! Akaketi nao hemani bila mkalimani. Hakuuliza tu jinsi wanavyowinda. Aliuliza wanaogopa nini, wanaimba nini, na dunia ilianzaje. Kisha akayaandika. Mambo yaliyokuwa vichwani mwa wazee tu yakaingia vitabuni.

Machi 1923 aliendelea kuelekea magharibi kwa sleji pamoja na Wainuiti wawili wa Greenland: mwanamke aitwaye Arnarulunguaq na kijana Qaavigarsuaq. Walifika Alaska mwaka 1924. Bila hao wawili, wajuzi wa kuwinda na kushona nguo za ngozi, sidhani angefika.

Mwaka 1933 aliugua akiwa safarini Greenland, akafariki nchini Denmark tarehe 21 Desemba, akiwa na umri wa miaka 54.

Nimeandika haya kwa sababu yananichoma. Nyanya yangu anajua majina ya mimea yote ya kijijini na hadithi zake, lakini mimi nililelewa mjini na lugha yake naisikia nusunusu. Akianza hadithi, mama hunitafsiria, na utamu wote huishia njiani. Rasmussen alivuka nchi ya barafu ili asikilize nyanya za watu wengine. Mimi wangu yuko safari ya matatu moja tu! Mwacha asili ni mtumwa, ndugu zangu. Likizo hii naenda kwake na daftari jipya. Na wewe je?