John Kirk: Tabibu aliyeikuta dawa ya moyo ndani ya sumu ya mishale

Katika mtaa wa Dallas mjini Embu, kama ilivyo katika miji mingi ya Kenya, mgonjwa hana haja ya kwenda mbali kutafuta mzizi au gamba la mti. Ubishi nao hauko mbali. Wapo wanaoshikilia kwamba dawa ya miti shamba haiwezi kumdhuru mtu kwa kuwa imetoka porini wala si kiwandani. Wapo wengine wanaoiona yote kuwa ulaghai mtupu. Pande hizi mbili zingefaidika kwa kuyafahamu maisha ya daktari mmoja Mskoti aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita, ambaye wengi humkumbuka kwa habari za biashara ya watumwa kisiwani Unguja na si kwa habari za mswaki wake.

John Kirk alizaliwa tarehe 19 Desemba 1832 huko Barry, Uskoti, akiwa mwana wa kasisi. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka wa 1854. Zama hizo daktari alilazimika kuijua elimu ya mimea, kwa maana sehemu kubwa ya duka la dawa ilikuwa majani, mizizi na magome. Kirk aliipenda elimu hiyo kupita kiasi. Baada ya kuwahudumia majeruhi wa Vita vya Crimea katika hospitali ya Renkioi nchini Uturuki, aliteuliwa mwaka wa 1858 kuwa tabibu na mtaalamu wa mimea katika msafara wa David Livingstone wa mto Zambezi.

Msafara huo ulikuwa wa mateso. Mwaka wa 1860 mtumbwi wa Kirk ulipinduka katika maporomoko ya Kebrabasa, akanusurika kufa maji, lakini maandishi yake na michoro ya mimea vikapotea. Homa ziliwaandama. Vidonge walivyovitegemea vilikuwa mchanganyiko wa kwinini itokanayo na gome la mti, mizizi ya mimea miwili ya kuharisha, na kalomeli, ambayo ni chumvi ya zebaki. Ni vyema kulikumbuka hilo kabla ya kumcheka mganga anayechanganya dawa zake kibandani: kwinini ilisaidia kweli, ilhali zebaki ni sumu, na mgonjwa alivimeza vyote pamoja.

Katika bonde la mto Shire, nchi ambayo leo ni Malawi, Kirk alishangazwa na mishale ya wawindaji, iliyopakwa sumu iliyoitwa kombe na kuweza kuwaangusha wanyama wakubwa. Alitamani kuujua mmea wenyewe. Kila alipouliza, alionyeshwa mmea usio wenyewe, na huenda sababu haikuwa ngumu kuelewa. Mtu hamfunulii mgeni siri ya silaha yake.

Siku moja kijijini kwa Chibisa aliona mmea mtambazi uliokuwa umepanda juu ya mti mrefu, ukiwa na maganda ya mbegu. Hakuna aliyekubali kumpandia. Alipoanza kupanda mwenyewe, wenyeji waliokuwa chini waliingiwa na hofu kwamba utomvu ungemwingia kinywani au katika kidonda, wakamwonya awe mwangalifu, na kwa kumwonya wakajikuta wamekiri kwamba huo ndio uliokuwa kombe. Siri iliyofichwa kwa muda mrefu ilitolewa ili kumwokoa mtu asife. Watu wale hawakuwa na maabara, lakini walijua vyema njia ambazo sumu ile huingilia mwilini.

Jambo la pili lilitokea kwa bahati. Mswaki wa Kirk uligusana na sumu hiyo katika mizigo yake. Alipopiga meno alisikia uchungu mkali mdomoni, na alipoupima mpigo wa moyo wake akakuta umepungua kasi. Mwingine angeutupa mswaki na kushukuru Mungu. Kirk aliandika aliyoyaona, na vielelezo vya mmea akavipeleka Uingereza, katika bustani ya Kew. Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza sumu hiyo, akatoa ndani yake kiini alichokiita strofanthini, na mwaka wa 1885 akawaeleza madaktari wenzake jinsi inavyoutia nguvu moyo uliodhoofika. Haikupita muda mrefu ikawa inauzwa madukani.

Hapo ndipo hadithi ingeweza kukoma kwa shangwe, lakini sivyo ilivyokuwa. Mbegu za aina mbalimbali zilichanganywa na wafanyabiashara, hivyo chupa moja ikawa kali na nyingine hafifu. Aidha, dawa iliyonywewa haikuingia vizuri katika damu, na baina ya kiasi kinachoponya na kile kinachoua pana nafasi ndogo mno. Ajabu ni kwamba wawindaji walikuwa na fununu ya jambo hili tangu zamani: waliikata nyama iliyozunguka jeraha wakaitupa, kisha wakala iliyobaki bila kudhurika. Mwaka wa 1906 daktari Mjerumani Albert Fraenkel alianza kuidunga moja kwa moja katika mshipa, kwa kipimo kidogo, na ndipo ikaaminika. Hata hivyo, kwingineko dawa ya mmea wa digitali iliishinda.

Msomaji wa Embu asidhani kwamba mambo haya ni ya nchi za mbali. Mti wa msunguti, ambao wawindaji wa Mbeere na Ukambani walichemsha mbao zake hadi zikatoa lami nyeusi ya kupaka mishale, una kiini kiitwacho uabaini, ndugu wa strofanthini. Mfaransa Arnaud alikitenga mwaka wa 1888. Labda si bure kwamba bodi inayosajili dawa nchini Kenya, zikiwemo za miti shamba, inabeba maneno yote mawili katika jina lake: dawa na sumu.

Kirk mwenyewe aliwasili Unguja mwaka wa 1866 na baadaye akawa balozi mdogo wa Uingereza. Chini ya shinikizo lake, Sultani Barghash alitia saini mnamo 5 Juni 1873 mkataba uliofunga soko la watumwa. Alipanda bustani ya majaribio huko Mbweni, na jina lake likapewa mimea na wanyama kadhaa, akiwemo yule kima mwekundu wa Unguja ambaye wenyeji, kwa sababu zao wenyewe, humwita kima punju, yaani kima mwenye sumu.

Aliondoka Unguja mwaka wa 1886 na kufariki Sevenoaks, Uingereza, tarehe 15 Januari 1922, akiwa na umri wa miaka 89. Katika masimulizi yake ya siku ile kwa Chibisa, waliomwonya kutoka chini ya mti hawakutajwa majina. Neno lao moja tu ndilo lililoingia katika vitabu vya wataalamu, kwa kuwa mmea ule hadi leo huitwa Strophanthus kombe.