James Emman Kwegyir Aggrey (1875–1927): Mwalimu wa Chuo cha Livingstone

Jina la Aggrey hutajwa katika Afrika ya Mashariki kwa sababu ya kisa cha tai aliyelelewa pamoja na kuku, na pengine kwa mfano wake wa kinanda ambacho hakitoi muziki kamili bila vibao vyeusi na vyeupe. Hivyo amebaki katika fikra za wengi kama msemaji hodari wa majukwaani. Makala haya yanakusudia kumrejesha darasani, kwa kuwa ndiko alikotumia sehemu kubwa ya umri wake wa utu uzima, na ndiko ulikoanzia mgongano ambao hakupata kuumaliza.

Alizaliwa Anomabu, katika Gold Coast, tarehe 18 Oktoba 1875. Baba yake, Kodwo Kwegyir, alikuwa msemaji wa mtawala wa mji huo, wadhifa ambao katika jamii za Waakan ni taaluma kamili ya lugha: mtawala hasemi na umma ila kwa kinywa cha msemaji wake. Wanaomsifu Aggrey kwa ufasaha wa Kiingereza wangefaa kuukumbuka urithi huo kwanza. Alisoma katika shule ya Wamethodisti ya Cape Coast, akawa mwalimu angali kijana, kisha mwalimu mkuu. Aidha alishiriki katika chama cha kutetea haki za wenyeji kilichoanzishwa mwaka 1897 kuupinga muswada wa serikali ya kikoloni kuhusu ardhi.

Mwaka 1898, kwa mwaliko wa Askofu John Bryan Small wa kanisa la African Methodist Episcopal Zion, alikwenda Marekani kusoma katika Chuo cha Livingstone, mjini Salisbury, North Carolina. Chuo hiki, kilichopewa jina la yule mpelelezi ambaye maiti yake ilipitishwa Bagamoyo mwaka 1874, kilikuwa kimeasisiwa na Wamarekani Weusi wenyewe mwaka 1879 na kuongozwa na Joseph Charles Price. Jambo hilo lina uzito. Wakati ule vyuo vya Hampton na Tuskegee vilikuwa vimejipatia wafadhili wengi kwa kusisitiza ufundi na kilimo; Livingstone kilishikilia pia Kigiriki, Kilatini, fasihi na theolojia, kikidai kwamba mtoto wa mtumwa wa jana anastahili elimu ile ile inayotolewa kwa mtoto wa tajiri.

Aggrey alihitimu mwaka 1902 akabaki hapo kufundisha hadi mwaka 1920. Mwaka 1905 alimwoa Rose Douglass. Katika chuo kidogo kama kile mwalimu hakuwa na somo moja, naye alijigawa baina ya lugha, Agano Jipya na elimujamii, huku akishika na kazi za ofisini. Wakati wa likizo alisafiri hadi New York kusoma katika Chuo Kikuu cha Columbia. Baadaye alitunza pia makanisa mawili madogo ya mashambani karibu na Salisbury, akaiona kwa macho yake hali ya wakulima Weusi. Kwa maoni yetu, ni huko mashambani alikoanza kushawishika kwamba elimu ya vitabu pekee haikutosha.

Hapo ndipo penye utata. Mwaka 1920 alichaguliwa kuwa Mwafrika pekee katika tume ya elimu ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones, aliyewahi kufundisha Hampton na ambaye W. E. B. Du Bois alimpinga vikali kwa kuwatakia Weusi elimu duni. Mtu aliyeundwa na elimu pana alitia jina lake katika mapendekezo ambayo wakoloni wangeweza kuyatumia kuwanyima Waafrika elimu hiyo hiyo. Haitoshi kusema kwamba alidanganywa. Alikuwa na akili nyingi mno kwa hilo. Hata hivyo, ripoti ya mwaka 1922 ilipendekeza pia lugha za Kiafrika zitumike katika madarasa ya chini, pendekezo ambalo wanafunzi wa historia ya Kiswahili hawana budi kulizingatia wanapochunguza miaka iliyotangulia Kamati ya Lugha ya mwaka 1930.

Tume ya pili ilizuru Afrika ya Mashariki mwaka 1924. Kwa mujibu wa wasifu wa Kleist Sykes ulioandikwa na mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, na kuchapishwa mwaka 1973, Kleist alikutana na Aggrey Dar es Salaam, naye akamhimiza Waafrika waunde umoja wao. African Association ilianzishwa mwaka 1929, Kleist akiwa katibu wake. Huyu si yule Aggrey mpole wa vibao vya kinanda.

Mwaka huo huo wa 1924 aliteuliwa kuwa miongoni mwa viongozi wa chuo kipya cha Achimota, chini ya A. G. Fraser. Kwame Nkrumah, aliyekuwa akisomea ualimu katika miaka hiyo, alivutiwa naye mno, hata akaazimia kwenda Marekani. Achimota ilifunguliwa rasmi Januari 1927. Katikati ya mwaka Aggrey alirudi New York kukamilisha tasnifu yake ya udaktari, akaugua ghafla na kufariki tarehe 30 Julai 1927, tasnifu ikiwa haijakamilika. Alizikwa Salisbury.