Vivien Leigh: Nyota wa Sinema Aliyebeba Maradhi Mawili

Leo tunakuleteeni maisha ya mwanamke ambaye wengi wenu mmeshamuona kwenye televisheni hata kama jina lake hamlikumbuki. Ni Vivien Leigh, yule bibie aliyecheza nafasi ya Scarlett O'Hara katika filamu ya Gone with the Wind ya mwaka 1939. Hatukumchagua kwa ajili ya filamu zake tu. Katika mwili wake mmoja yalikutana maradhi mawili, kifua kikuu na baipola, na namna watu walivyoyapokea ina somo kwetu tulio ughaibuni na kwa ndugu zetu walio nyumbani.

Vivien alizaliwa tarehe 5 Novemba 1913 mjini Darjeeling, India, wakati nchi hiyo ikitawaliwa na Uingereza. Wazazi wake walimpa jina la Vivian Mary Hartley. Akiwa na umri wa miaka 6 alipelekwa Uingereza kusoma katika shule ya masista. Mwaka 1932 aliolewa na mwanasheria Herbert Leigh Holman, na mwaka uliofuata wakapata binti. Jina la Leigh, ambalo dunia nzima ilikuja kumjua nalo, alilitoa kwa mume wake huyo. Baadaye alipendana na mwigizaji mashuhuri Laurence Olivier, na baada ya kila mmoja kuachana na mwenzake wa mwanzo, walioana mwaka 1940. Mwaka huohuo Vivien alikabidhiwa tuzo ya Oscar kwa nafasi ya Scarlett.

Kwa mtu wa nje, yale yalikuwa maisha ya kuonewa wivu. Ndani ya nyumba mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1944, wakati wa kutengeneza filamu ya Caesar and Cleopatra, mimba yake iliharibika, na baada ya hapo akazama katika huzuni nzito. Katika kipindi hichohicho madaktari waligundua kuwa ana kifua kikuu.

Kadiri miaka ilivyokwenda, hali yake ilikuwa na sura mbili. Kuna siku alikuwa halali usiku, akizungumza bila kupumzika, akiwakusanya wageni mpaka alfajiri, kisha hasira zikimwakia bila sababu ya kueleweka. Halafu zilifuata siku za kilio na kukata tamaa. Kipindi kikishapita, mara nyingi hakukumbuka aliyoyatenda, na akiambiwa aliona haya na kuomba radhi.

Hiyo ndiyo baipola, ambayo mtu hupanda na kushuka. Anapopanda, usingizi hupungua lakini uchovu hauji, maneno humtoka kwa kasi, hutumia fedha ovyo, hujiona anaweza kila kitu, na pengine husikia au kuamini mambo yasiyokuwepo. Anaposhuka hupata sonona: hana nguvu, hana hamu, hujiona hana thamani, na wengine hufikiria kujiua. Kati ya vipindi hivyo huweza kuwa mzima kabisa, na hapo ndipo watu wanapodanganyika wakasema anajifanya.

Mwaka 1949 Vivien alicheza jukwaani mjini London nafasi ya Blanche, mwanamke anayepoteza akili, katika A Streetcar Named Desire. Filamu ya mchezo huo ilitoka mwaka 1951 na kumpa Oscar ya pili. Mwaka 1953 alikwenda Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kutengeneza filamu ya Elephant Walk. Kazi ikiwa katikati akili ilimchafuka vibaya. Nafasi yake akapewa Elizabeth Taylor, naye akarudishwa Uingereza na kulazwa hospitali.

Alitibiwa kwa mshituko wa umeme kichwani, tiba iliyoanza Italia mwaka 1938. Leo tiba hiyo bado inatumika kwa wagonjwa mahututi, lakini mgonjwa hulazwa usingizi kwanza na kupewa dawa ya kulegeza misuli. Pamoja na hayo yote, Vivien hakuacha kazi. Mwaka 1955 alipanda jukwaani Stratford katika michezo 3 ya Shakespeare. Ndoa yake na Olivier ilivunjika mwaka 1960, lakini mwaka 1963 alipata tuzo ya Tony mjini New York, na mwaka 1965 ikatoka filamu yake ya mwisho, Ship of Fools.

Hapa ndipo penye jambo tunalotaka tulizingatie. Kwa maradhi yote mawili, dawa zilipatikana yeye akiwa hai. Dawa ya kwanza yenye nguvu ya kifua kikuu, streptomaisini, iligunduliwa mwaka 1943. Na mwaka 1949, mwaka uleule aliocheza Blanche mjini London, daktari John Cade wa Australia alitangaza kuwa chumvi ya lithiamu imewatuliza wagonjwa wa akili waliokuwa wamepanda. Lakini lithiamu ilichelewa kuenea. Marekani iliiruhusu rasmi kwa ugonjwa huo mwaka 1970, na Vivien alikuwa ameshafariki. Kifua kikuu kilimrudia, kikamuua mjini London tarehe 8 Julai 1967, akiwa na umri wa miaka 53. Kwa kumuenzi, majumba ya michezo ya kuigiza ya katikati ya London yalizima taa zake kwa saa moja.

Alipokohoa, watu walijua ni pafu. Akili ilipochafuka, wengi waliona ni tabia, hasira na maringo ya nyota. Sisi nasi tuna majina yetu: karogwa, kapandwa na shetani, kaharibiwa na Ulaya. Anayetaka kumuombea mgonjwa wake dua na amuombee, dua na dawa havigombani. Lakini asicheleweshwe hospitali.

Baipola haina dawa ya kuimaliza kabisa, lakini inadhibitiwa na mtu akaishi, akafanya kazi na kulea watoto. Lithiamu bado inatumika, na mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara kwa sababu ikizidi ni sumu. Zipo dawa nyingine pia, na mwanamke anayetarajia kuzaa lazima amweleze daktari wake, kwani baadhi yake, hasa valproeti, hudhuru mtoto tumboni. Dawa za sonona zikitumiwa peke yake zinaweza kumpandisha mgonjwa. Kubwa kuliko yote, asiziache dawa kwa sababu tu amejiona mzima, na usingizi wake ulindwe.

Kwa walio nyumbani, pa kuanzia papo: Mirembe Dodoma, Mathari Nairobi, Kidongo Chekundu Zanzibar. Kwa tulio nje, tumwone daktari wetu wa kawaida, na ndugu akitaja kujiua tumpeleke hospitali siku hiyohiyo. Vivien alizaliwa mapema mno kufaidika na mengi ya haya. Jamaa zetu hawana sababu ya kuyakosa.